Risasi Ikikosa, Humwangukia Nani?

Katika mtaa wetu wa Observatory, upande wa mashariki wa Johannesburg, majirani hawaulizani sana iwapo ni halali mtu kuweka bunduki nyumbani. Swali hilo wameshalipita. Wanaloulizana ni bunduki gani. Nililielewa jambo hili wiki mbili baada ya wanaume wanne kuruka ukuta wetu usiku wa mgao wa umeme, wakatulaza kifudifudi sebuleni, mimi na mke wangu na watoto wetu wawili, wakachukua walichokitaka, wakaenda zao. Hakuna aliyeumizwa. Waliokuja kutupa pole walilitaja hilo kwa shukrani, nasi tukashukuru pamoja nao. Lakini binti yetu wa miaka 9 hakulala chumbani mwake kwa miezi mitatu, na kijana wetu wa miaka 15 aliacha kunitazama usoni, kana kwamba ameona kwa baba yake jambo ambalo mtoto hapaswi kuliona.

Miongoni mwa wageni hao walikuwamo wazee wawili wa mtaa. Mmoja alitumikia polisi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwingine ni mwindaji. Wa kwanza alinishauri nichukue bunduki ya marisau, ambayo wengi wetu tunaiita shotigani. Wa pili alinishauri raifali. Walibishana mbele ya chai yangu kwa muda wa saa nzima, kwa upole na ujuzi, kama masheikh wawili wanaohitilafiana katika jambo la tawi huku shina wakiwa wamekubaliana. Nami, niliyesomea falsafa ughaibuni na ninayeifundisha kwa mshahara, niliketi nikiwasikiliza bila ya neno la kuchangia. Ilinichukua muda kutambua kwamba ubishi wao, ulioonekana kuwa wa mafundi, ulikuwa ubishi wa maadili tangu mwanzo hadi mwisho.

Yafaa kwanza tuvielewe vyombo vyenyewe. Mtutu wa raifali umechongwa mifereji ya mzunguko kwa ndani. Mifereji hiyo huizungusha risasi kama pia, nayo ikashika njia iliyonyooka hata mbali. Risasi ya milimita 5.56, ambayo ndiyo ya bunduki ya R5 ya polisi wa Afrika Kusini, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, na isipozuiwa na kitu huweza kusafiri kilomita mbili na zaidi. Mtutu wa bunduki ya marisau ni laini kwa ndani, na kwa kawaida hautoi risasi moja bali fungu la punje. Aina inayotumiwa sana kwa kujihami hubeba punje tisa, kila moja ukubwa wa njegere. Punje hizo hutawanyika kadiri ziendavyo na kuishiwa nguvu mapema zaidi kuliko risasi ya raifali. Hata hivyo, ndani ya nyumba, kwa masafa ya hatua tano au sita, huwa hazijatawanyika zaidi ya upana wa kiganja. Kwa hiyo si kweli, kama wengi wadhanivyo, kwamba mwenye bunduki hiyo hana haja ya kulenga.

Hoja ya polisi mstaafu ilikuwa ya masafa. Nyumbani, alisema, hakuna shabaha iliyo mbali. Kwa nini basi uchukue chombo kilichoundwa kwa ajili ya mbali? Mwindaji alijibu kwa hesabu. Raifali hutoa risasi moja, nawe utaulizwa juu ya hiyo moja. Bunduki ya marisau hutoa punje tisa kwa mvuto mmoja wa kidole, na utaulizwa juu ya zote tisa. Zaidi ya hayo, bunduki ya marisau hupiga bega kwa nguvu, na mtu mwenye hofu na bega linalouma hukosa. Akaongeza kwamba huko Marekani wapo wanaoshikilia kuwa risasi nyepesi ya raifali, kwa kasi yake, huvunjika inapopenya ukuta wa ndani, hali punje nzito huendelea chumba cha pili. Polisi mstaafu akamkumbusha kwamba kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni za mbao na jasi, na zetu ni za matofali. Risasi huku hazipiti ukutani. Hupita mlangoni na dirishani.

Siku chache baadaye nilimsimulia mlinzi wa mtaa wetu mazungumzo hayo. Ni mtu wa Uvira, mkimbizi wa miaka mingi, anayeketi usiku katika kibanda cha bati kwenye kona iliyo chini ya ukuta wetu, na silaha zake ni filimbi na tochi. Sote humwita Papa. Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Tanga vimekwisha kuzoeana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, na ile risasi ikikosa, itaenda kuanguka wapi?”

Sikuwa na jibu, na nilirudi ndani nikalitafute.

Anayeijua Observatory ataelewa uzito wa swali hilo. Mtaa wetu umekaa mgongoni mwa kilima. Juu yake kuna kituo cha zamani cha kutazamia nyota, kilichoupa mtaa jina lake. Mwaka 1915 mkuu wa kituo hicho, Robert Innes, aliitambua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua. Upande wa kusini kilima huteremkia Bezuidenhout Valley, ambayo wakazi huiita Bez Valley. Huko nyumba zimebanana, na vyumba vya uani vimepangishwa familia nzima nzima. Wengi wa wapangaji ni wahamiaji. Ukipita mitaa hiyo, au soko la Yeoville lililo jirani, utasikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Goma.

Nilichukua karatasi nikachora nyumba yetu. Kutoka mlango wa chumba chetu cha kulala, mahali ambapo mtu angesimama na silaha, nilipiga mistari mitatu. Wa kwanza ulifuata ujia na kuishia kwenye mlango wa chumba cha kijana wetu. Wa pili ulitoka kwa dirisha la sebule na kukigusa kibanda cha Papa. Wa tatu ulitoka kwa dirisha la jikoni, ukapita juu ya ukuta, na kuelekea kwenye mapaa ya Bez Valley. Kwa bunduki ya marisau, kosa langu lingeishia kwenye mstari wa kwanza, au wa pili. Kwa raifali, lingeweza kufika popote katika bonde lile.

Basi hoja yangu ni hii. Kuchagua kati ya silaha mbili hizi si kuchagua ipi ina nguvu zaidi, kwa kuwa zote mbili zina nguvu ya kuua na kubaki. Ni kuchagua mapema ni nani atakayelipa pindi nitakapokosea. Na uamuzi wa kimaadili ulio mzito kuliko yote haufanyiki usiku, mtu anapokuwa na hofu na giza na moyo unaomdunda. Hufanyika mchana, dukani, mbele ya meza, mtu akiwa na akili zake timamu. Usiku humkuta ameshaamua.

Sheria ya nchi hii yaelekea iliuona ukweli huu kwa kiasi fulani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000, katika kifungu chake cha 13, humruhusu anayetaka kujihami kuomba leseni ya bastola, au ya bunduki ya marisau isiyojipakia yenyewe, mradi aoneshe kwamba haja yake haiwezi kutimizwa kwa njia nyingine. Anayetaka raifali inayojipakia yenyewe kwa ajili ya kujihami hupelekwa kifungu cha 14, ambako hana budi kuthibitisha kwamba silaha za kifungu cha 13 hazimtoshi. Raifali za kawaida zimewekwa upande wa wawindaji na wanamichezo, ingawa mwenye nayo hakatazwi kujitetea nayo akishambuliwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba cheti cha umahiri, kinachotangulia leseni, hupewa raia au mwenye ukaazi wa kudumu peke yake. Mimi nina ukaazi wa kudumu, naweza kuchagua. Papa hana, wala hawana wengi wa wanaoishi chini ya mstari wangu wa tatu. Wao wamo katika hesabu ya risasi bila ya kuwamo katika hesabu ya leseni.

Silijengi jambo hili juu ya hisia zangu tu. Katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu na ambayo vitabu vyake, kama Minhaj ya Imamu Nawawi, vimesomeshwa pwani kwa vizazi vingi, mna mlango unaomhusu mvamizi. Hukumu yake ni ya ngazi. Mvamizi huzuiwa kwa kilicho chepesi kabla ya kilicho kizito: yakitosha maneno, au ukelele wa kuomba msaada, kupiga ni haramu, ukitosha mkono, fimbo ni haramu, kukitosha kumjeruhi kiungo, kumuua ni haramu. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifika jirani na hapo kwa njia yake: anayejitetea kwa nguvu kupita kiasi kinachohitajika, utetezi wake huacha kuwa halali. Mila hizi mbili, zisizoshirikiana imani, zinakubaliana kwamba haki ya kujitetea ni haki yenye vidato, na kwamba mtetezi analazimika kupanda kidato kimoja kimoja.

Bunduki huikunja ngazi hiyo ikabaki na kidato kimoja. Polisi mstaafu alinipinga hapa: alisema mlio wa kukoki bunduki ya marisau hutosha kumfukuza mwizi, na huo nao ni kidato. Huenda. Lakini ni kidato kinachotegemea kwamba mwizi hana bunduki yake, na katika mji huu mara nyingi anayo. Mlio unaomfukuza mmoja humfanya mwingine awahi kupiga.

Mahakama za Afrika Kusini nazo zimepita njia hii. Mwaka 2002, Mahakama ya Katiba ilisikiliza shauri lililoanzia kwa baba na mwana waliokuwa na tanuri la mikate huko Lady Frere, waliompiga risasi mwizi aliyekuwa akikimbia, akafa. Mahakama ilikibatilisha kifungu cha sheria ya 1977 kilichomruhusu mtu kumuua mtuhumiwa anayetoroka kwa sababu tu ametoroka. Mkate, hata uwe wako, haulingani na roho. Kisha ikaja kesi ambayo dunia nzima iliifuatilia. Februari 2013, Oscar Pistorius alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, na aliyekuwa nyuma yake alikuwa mpenzi wake. Alisema alidhani ni mwizi. Mahakama Kuu ya Rufani, Desemba 2015, ilimtia hatiani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, ikieleza kwamba haikuwa na haja ya kujua alimdhania nani: alijua yuko mtu nyuma ya mlango, na alijua kwamba risasi zile zingeweza kumuua. Wengi walilichukua shauri hili kuwa habari ya mtu mashuhuri na hasira zake. Mimi huliona kuwa somo juu ya mlango. Mlango uliofungwa ni kila kitu ambacho mpigaji hakioni, na nyuma ya kila shabaha kuna mlango wa namna hiyo.

Hapa tunapaswa kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Sheria za vita, zilipoanza kuzitazama silaha, ziliuliza juu ya maumivu ya anayepigwa. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku risasi zinazofunguka mwilini, zile zilizopata jina kutokana na kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta. Mwaka 1918 Ujerumani iliilalamikia Marekani kwa kutumia bunduki za marisau katika mahandaki, kwa hoja kwamba zinatesa bila ya sababu, Marekani ikakataa. Lakini polisi wa nchi nyingi leo hubeba risasi zile zile zinazofunguka ambazo askari wa vitani amekatazwa. Sababu yao si ukatili. Risasi inayofunguka hukwama katika mwili wa aliyelengwa, haitoki upande wa pili ikampata aliye nyuma yake. Vitani tuliuliza: anayepigwa ataumia kiasi gani? Mjini tunalazimika kuuliza: asiyelengwa yuko wapi? Silaha inayojibu vizuri swali la kwanza huweza kujibu vibaya la pili. Mabishano mengi kati ya bunduki ya marisau na raifali hupotea njia kwa sababu kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Kazi ya polisi inaonesha hili kwa herufi kubwa. Wapo wanaosema polisi wasibebe raifali kabisa, na nisingependa kuichukua hoja hiyo kwa wepesi. Februari 1997, North Hollywood, Los Angeles, wezi wawili wa benki waliovaa mavazi ya kuzuia risasi waliwazidi nguvu polisi wenye bastola na bunduki za marisau, hata ikabidi askari waazime raifali katika duka la silaha la jirani. Baada ya siku hiyo idara nyingi za Marekani ziliweka raifali katika magari ya doria. Hapa Johannesburg, magenge yanayovamia magari ya fedha huja na AK-47. Kumtuma askari akabiliane nao kwa bastola ni kuyachezea maisha yake, na askari naye ana watoto.

Lakini chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya jambazi hakibaki kwa jambazi. Tarehe 16 Agosti 2012, huko Marikana, polisi waliobeba R5 waliwaua wachimba migodi 34 waliokuwa katika mgomo, 17 mahali pamoja na 17 kwenye mawe yaliyo karibu. Tume ya Farlam, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2015, ilisikia kutoka kwa wataalamu kwamba silaha ya aina hiyo haina nafasi katika kusimamia umati. Jambo moja katika ushahidi hunirudia kila nikilifundisha shauri hili. Kwa desturi mifereji ya raifali huiandika risasi alama, na kwa alama hizo mchunguzi huijua bunduki iliyoipiga. Risasi za R5 zilivunjikavunjika miilini, hivyo zikawa ngumu kufungamanishwa na bunduki fulani wala na askari fulani. Wafu walijulikana mmoja mmoja. Wauaji walibaki kundi.

Je, bunduki ya marisau ingekuwa jibu? Polisi wa nchi hii huitumia kupigia risasi za mpira, na husemwa kwamba hiyo ndiyo njia ya huruma. Aprili 2011, huko Ficksburg, Andries Tatane, mwalimu aliyeandamana kudai maji na huduma, alipigwa na risasi hizo kwa karibu akafa. Askari saba walioshtakiwa waliachiwa mwaka 2013. Machi 2021, Braamfontein, mwendo wa dakika chache kutoka darasa ninalofundishia, mpita njia wa miaka 35 aliyekuwa ametoka kliniki aliuawa kwa risasi za mpira zilizopigwa wakati wa maandamano ya wanafunzi. Askari wanne walishtakiwa, na mwaka uliofuata wakaachiwa. Kwetu Tanzania, siku 17 tu baada ya Marikana, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu. Hapo askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2016. Silaha inayoitwa nyepesi ina hatari yake yenyewe: wepesi wake humshawishi aliyeishika aitumie mapema, karibu, na bila ya kufikiri sana. Raifali hulipeleka kosa mbali. Bunduki ya marisau hulisogeza kosa karibu na kuliongeza idadi.

Na raifali, hata ikielekezwa juu, haielekezwi pasipo na mtu. Machi 2020, katika usiku wa marufuku ya kutoka nje, mvulana wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao katika mtaa wa Kiamaiko, Nairobi. Risasi ya polisi ilimpata hapo juu, akafa. Katika mji wenye maghorofa, mbingu nayo ina wakazi.

Kutokana na haya yote napata kanuni moja, na haikuhitaji shahada. Wahenga waliisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Aliyeshika mkuki hana budi kuuonja kwanza kwa mawazo, upande wa ncha. Kamanda anayechagua silaha za kupeleka mbele ya umati na ajiulize angechagua ipi kama mwanawe angekuwa miongoni mwa waandamanaji. Asipoweza kujibu bila ya kutetemeka, basi anachokipima si ulazima wa kazi; anapima thamani ya watoto wa wenzake, na ameikuta ndogo.

Nilijipima na mimi kwa kipimo hicho. Mwanzoni nilidhani kimenipa jibu lililo wazi: kwa kuwa raifali hutupa kosa langu kwa watu wa bondeni, ambao hawakuulizwa wala hawana leseni ya kujibu, basi haki inataka nichague bunduki ya marisau, ili kosa langu libaki nyumbani mwangu. Hoja ilinipendeza kwa siku mbili. Siku ya tatu nilisimama usiku mlangoni pa chumba chetu nikautazama mstari wa kwanza. Mlango wa kijana wetu ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na taa ya simu yake ilikuwa ikiwaka. Kosa linalobaki nyumbani lina jina, na jina lake nilimpa mimi. Nilijua papo hapo kwamba sikuwa tayari. Na kama sikuwa tayari kosa langu limwangukie mwanangu, kwa haki gani ningelipeleka kwa mtoto wa mwanamke wa Bukavu aliyelala chini ya bati?

Mke wangu hakukubaliana nami, na sitaki msomaji adhani kwamba ninamshinda katika ukurasa ambao yeye hakuuandika. “Fimbo ya mbali haiui nyoka,” aliniambia. “Wewe unahesabu risasi ambazo hazijapigwa, baba. Mimi nahesabu usiku ambao mtoto hajalala.” Nilimjibu kama wanavyojibu walimu wa falsafa: uovu watakaoutenda wezi ni wao, na kosa la risasi yangu ni langu, mtu huulizwa la kwake kwanza. Akasema: “Mtoto akiumia haulizi dhambi ni ya nani.” Nimelitafutia jibu neno hilo kwa mwaka mzima. Ninaweza kuonesha kwamba hoja yangu haina kasoro ya kimantiki, lakini siwezi kuonesha kwamba binti yangu anailala.

Yapo pia maungamo. Nilipokataa bunduki, sikuikataa bunduki yote. Kama takriban kila jirani, kila mwezi huilipa kampuni ya ulinzi, ambayo king'ora kikilia humtuma mtu mwenye silaha. Walinzi binafsi waliosajiliwa katika nchi hii ni zaidi ya 500,000, mara mbili na zaidi ya polisi. Mkono wangu umekuwa safi kwa sababu nimeukodi wa mwingine, na huyo mwingine, kwa mshahara alipwao, pengine hupanga chumba cha uani huko huko bondeni. Anayekodi mkono hawezi kusema hajui ulichokishika. Kwa hiyo niliipigia kampuni simu, nikauliza walinzi wanaokuja kwetu hubeba nini, hufanya mazoezi mara ngapi, na wamefundishwa kufanya nini mtu anapokimbia. Aliyepokea alikuwa na adabu. Aliniambia bastola, akaniahidi majibu mengine kwa barua, kisha akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi wateja humuuliza watafika kwa dakika ngapi. Hayo mengine hakuwahi kuulizwa. Sidhani kwamba majirani zangu ni watu wabaya. Nadhani sote tumeizoea sehemu ya swali inayotuhusu sisi.

Fomu ya maombi bado iko katika droo ya mezani. Mke wangu hajakubali itupwe, nami sijaomba itupwe. Tumeweka geti la chuma ndani ya nyumba, kati ya vyumba vya kulala na sebule, ili kidato cha kwanza cha ngazi kirudi mahali pake. Majirani sita tumekubaliana kwamba filimbi ikilia tutawasha taa zote na kutoka, kila mtu mpaka getini kwake. Ni kidogo. Ukelele wa kuomba msaada ni kidato cha chini kabisa, na hauna maana kama hakuna anayetoka.

Juzi Papa aliniuliza: “Basi, Mwalimu, mwisho ulinunua gani?”

“Sijanunua, Papa.”

“Na wale wakirudi?”

“Puliza filimbi. Nitatoka.”

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima neno ambalo amewahi kuahidiwa kwingine. Kisha akasema: “Sawa. Lakini uvae koti, juu huku kuna baridi.”